Kabla Hujafungua Ndoo ya Epoksi

Chukua kikombe cha maji, piga goti katikati ya sakafu unayotaka kuipaka, dondosha matone matano au sita mahali mbalimbali, kisha tulia uangalie. Tone likinywewa ndani ya dakika moja au mbili na zege likabaki na doa jeusi la unyevu, sakafu yako ina kiu, na sakafu yenye kiu itaipokea rangi. Tone likikaa juu limeviringana kama tone la mvua kwenye jani la gimbi, kuna kitu kilichotangulia kuziba vijitundu vya zege: mafuta, nta, dawa iliyopulizwa siku zege lilipomwagwa, au uso uliosuguliwa kwa mwiko wa chuma mpaka ukafunga. Mahali maji yaliposhindwa kupita, epoksi nayo haitapita.

Watu wengi wanaoniita huanza na maswali ya rangi: ipi ni nzuri, ndoo moja inatosha mita ngapi, kijivu au kijani. Ni maswali ya haki, ila yamewahi mno. Rangi za sakafu zinazouzwa siku hizi, zikishakauka, nyingi zina nguvu kuliko zege linalopakwa. Zinapobanduka, mara nyingi si zenyewe zilizoshindwa. Kwa hiyo kama unataka kupaka duka, gereji, jiko la mgahawa au sebule yako mwenyewe, siku nyingi za kazi zitenge kwa maandalizi. Kwangu mimi, kazi ya siku tano ina siku nne za sakafu tupu na moja ya rangi.

Nilijifunza hilo kwa hasara. Sakafu ya kwanza niliyoichukua peke yangu ilikuwa ya karakana ya seremala, Dar es Salaam, si mbali na bahari. Jamvi lilikuwa jipya, safi, limepigwa niru likang'aa. Tulifagia, tukapiga deki kwa sabuni, tukaacha usiku mmoja, asubuhi tukapaka. Mwenye karakana alifurahi, nami nikafurahi. Masika yalipokolea rangi ikaanza kutoa malengelenge, mengine ukubwa wa sarafu, mengine ya kiganja. Nilitoboa moja kwa msumari, yakatoka maji yenye utelezi kama maji ya sabuni. Nikavuta ukingo wake kwa kisu, ikaja ngozi nzima ya rangi, na upande wake wa chini umegandwa na unga wa kijivu. Rangi ilikuwa imeshika vizuri. Kile ilichokishika ndicho kilichoachia. Niliirudia sakafu yote kwa gharama yangu, na tangu siku ile kila ninapoingia kwenye kazi mpya nakwenda na maswali mawili: maji yatatoka wapi, na huu uso ninaouona ni zege kweli?

Maji yanakotoka

Zege kwa macho ni jiwe, lakini ndani lina njia. Saruji inapochanganywa na maji, sehemu tu ya maji hayo huingia katika kugandisha mchanganyiko. Yaliyobaki hutafuta pa kutokea, na yanapotoka huacha vijitundu na mishipa myembamba. Kwa njia hizo hizo maji ya ardhini hupanda kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Yakifika juu huondoka kama mvuke, nawe huyaoni. Siku utakayoufunika uso kwa epoksi mvuke unakosa mlango, unakusanyika chini ya rangi, na maji yanayojikusanya hapo yamebeba alkali ya saruji. Ule utelezi niliouhisi vidoleni ulikuwa alkali hiyo.

Utaambiwa kila mahali kwamba zege likitimiza siku 28 liko tayari. Siku 28 ni kipimo cha nguvu, si cha ukavu. Makadirio tunayoyatumia wenye kazi za sakafu ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, hewa ikiwa nzuri na maji mengine yasipoingia. Jamvi la milimita 100 basi linataka kama miezi minne, na pwani, ambako hewa yenyewe imelowa, ongeza. Hesabu hiyo inaanza siku ulipoacha kulimwagilia jamvi. Na usije ukapunguza siku za kumwagilia ili uwahi kupaka. Zege lililokauka upesi likiwa changa hubaki dhaifu juu, na udhaifu huo utaulipia baadaye.

Kisha uliza kilicho chini. Je, kabla jamvi halijamwagwa, ilitandikwa nailoni nzito juu ya kifusi? Nyumba nyingi za mitaani hazina. Kifusi kilishindiliwa, mchanga ukatawanywa, zege likafuata. Kama fundi aliyejenga hapatikani, nyumba yenyewe itakwambia. Inua mkeka au boksi lililokaa wiki nzima sakafuni uone kama sehemu ya chini imelainika au ina harufu ya ukungu. Angalia miguu ya kuta: rangi inayochubuka kuanzia chini kwenda juu, na unga mweupe wa chumvi, ni dalili kwamba maji yanapanda. Kama ujenzi ulitumia mchanga wa baharini usiooshwa, jihadhari zaidi, maana chumvi huvuta unyevu wa hewani na sakafu ya namna hiyo hulowa hata siku ambazo hakuna mvua.

Jaribio lenyewe ni rahisi na halihitaji mtaalamu. Kata kipande cha nailoni ngumu inayoonesha, mraba wa sentimita 45 hivi, ukibandike sakafuni kwa tepu imara pande zote nne pasibaki upenyo wa hewa. Kiache saa 16 kwa uchache. Mimi huacha siku mbili. Kisipigwe na jua moja kwa moja, maana jua litakudanganya. Bandika zaidi ya kimoja: karibu na ukuta wa nje, katikati ya chumba, jirani na bafu au sinki. Ukifungua ukakuta ukungu wa maji upande wa ndani wa nailoni, au zege la chini yake limekuwa jeusi kuliko la jirani, usipake.

Jaribio hili liamini linaposema kuna maji. Linapokuonesha pakavu, ni pakavu kwa siku ile tu. Nailoni iliyobandikwa Agosti haijui habari za Aprili. Ndiyo maana kwa kazi kubwa, ghala au kiwanda, inafaa kulipia kipimo cha ndani: hutobolewa tundu hadi asilimia 40 ya unene wa jamvi, kikaingizwa kipima unyevu, kikaachwa mpaka kitulie. Viwanda vingi vya rangi huweka kikomo mahali fulani kati ya asilimia 75 na 85, na namba ya rangi yako imeandikwa kwenye karatasi yake ya maelezo. Omba karatasi hiyo dukani kabla hujatoa hela. Muuzaji asiyekuwa nayo hajui anachokuuzia.

Ukikuta unyevu, anza nje ya nyumba. Mara nyingi nimekuta tatizo la sakafu liko kwenye bomba la mvua linalomwaga maji mguuni mwa ukuta, au kwenye uwanja ulioinamia nyumba badala ya kuipa mgongo. Mtaro wa saruji wa siku mbili umewahi kukausha chumba kilichoshindikana miaka. Bomba linalovuja chini ya jamvi nalo lichunguze: funga mifereji yote usiku, soma mita, isome tena alfajiri.

Maji yakiwa ya ardhini kabisa, na nailoni haipo, uko kwenye uamuzi mgumu. Zipo praima za epoksi zilizotengenezwa kwa ajili ya zege lenye unyevu, lakini ni ghali na zina masharti, na chini yake zege linatakiwa liwe limesagwa vizuri kuliko kawaida. Kwa nyumba ya kuishi iliyo bondeni ushauri wangu ni kuacha epoksi. Saga zege, ling'arishe, ulipe dawa ya silikati inayoingia ndani na kulikomaza bila kuliziba. Sakafu itaendelea kupumua, nawe hutapigana na masika kila mwaka.

Ngozi iliyo juu ya zege

Sasa ule unga wa kijivu. Zege linapomwagwa na kusawazishwa, kokoto na mchanga mzito hushuka, maji hupanda yakibeba saruji nyepesi na chembe laini. Fundi akizidisha maji ili limwagike kirahisi, au akilisugua kabla maji ya juu hayajaondoka, au akinyunyiza saruji kavu juu ya maji hayo apate kung'arisha, ule uji hukauka ukawa ngozi: nyororo kwa macho, dhaifu kama chaki. Hata zege zuri huwa nayo kidogo.

Niru iliyopigwa na fundi hodari ni kazi ya heshima. Nimekulia kwenye nyumba yenye niru iliyodumu miaka mingi, baridi na laini miguuni. Lakini kinachofaa kwa mguu mtupu na ufagio si lazima kifae kubeba rangi. Epoksi ikikauka hujikunja kidogo na kuvuta, kila gurudumu la toroli linavuta, kila joto na baridi vinavuta, na chote kinachovutwa ni ile ngozi ya milimita moja au mbili.

Ikwaruze kwa msumari. Msumari ukiacha mstari mwembamba na mkono wako ukahisi ukinzani, uso una nguvu. Ukichimba mfereji na kutoa unga, hauna. Kisha chukua nyundo ndogo, tembea chumba kizima ukigonga kila baada ya hatua. Sauti ya zege zima ni fupi na nzito. Mahali niru ilipoachana na jamvi utasikia uwazi, kama debe. Zungushia chaki kila unaposikia hivyo. Sehemu hizo hazisagwi wala hazipakwi. Zinatolewa zote kwa tindo mpaka kwenye zege lililo hai, kisha zinajazwa upya.

Mafuta kwanza

Usiwashe grenda juu ya sakafu yenye mafuta. Diski hupata moto, huyalainisha mafuta na kuyapakaza sehemu zilizokuwa safi. Gereji zina hadithi hii kila siku: oili imenyweka miaka kumi chini ya mahali magari yanapofunguliwa injini, juu pamefagiliwa pakavu, na mwenye gereji anaapa pamesafishwa.

Kwangua tope la grisi kwa chuma bapa. Mwaga machujo ya mbao au saruji kavu juu ya madoa, kanyaga ishikane, iache ilale. Kesho yake fagia, kisha mwaga maji ya moto yenye sabuni ya kuondoa mafuta, ile wanayotumia kuoshea injini, usugue kwa brashi ngumu kwa dakika kumi au zaidi. Maji yale machafu yakusanye yakiwa bado maji, kwa mopu au mashine ya kufyonza. Yakikaukia hapo mafuta yanarudi yalikotoka. Usiyaelekeze mtaroni. Suuza, acha pakauke, rudia tone la maji. Nimewahi kurudia mara nne.

Petroli, dizeli na thina viweke mbali. Huyeyusha mafuta yakawa mepesi na kuyapeleka chini zaidi, na mvuke wake kwenye chumba kilichofungwa unangoja cheche moja tu. Ukishasafisha mara tatu nne na tone bado linaviringana, zege la hapo limekwisha. Likate, litoe, umwage jipya. Inauma kusikia, lakini ni kipande cha mita moja dhidi ya sakafu nzima.

Nta ina shida yake. Nyumba nyingi za zamani, na ofisi na shule vilevile, zina sakafu nyekundu za saruji zilizosuguliwa kwa polishi ya nta miaka nenda rudi. Nta hiyo huziba diski ya grenda na kuyeyuka. Ikwangue, isugue kwa maji ya moto na dawa ya kutolea nta, suuza, rudia. Na kabla hujaanza, itazame sakafu hiyo vizuri. Kama haijapasuka, nadhani nyingi zinastahili kusafishwa na kung'arishwa tu; ule wekundu ulioiva kwa miaka hakuna ndoo inayouuza.

Kama kuna rangi ya zamani, jua ni rangi gani. Mtaani watu wengi hupaka sakafu ya saruji kwa rangi ya mafuta, ile ya milango na madirisha, kwa sababu ni rahisi kupatikana. Saruji ina alkali kali, na mafuta yakikutana na alkali na maji hugeuka sabuni. Ndivyo sabuni inavyopikwa, mafuta na kostiki soda. Chini ya rangi ya mafuta iliyopakwa kwenye zege lenye unyevu, sabuni inapikwa polepole, mpaka siku rangi inapoteleza chini ya mguu. Epoksi juu ya rangi hiyo ni nyumba juu ya matope. Iondoe yote.

Kusaga, na kwa nini siipendi tindikali

Kwa chumba kidogo grenda yenye kikombe cha almasi cha kusagia zege inatosha. Ivishe kofia ya kukusanya vumbi iliyounganishwa na mashine ya kufyonza. Nenda kwa miduara inayopandiana, usitulie mahali pamoja, maana utachimba sahani ambayo rangi itaionesha kila mwanga unapopita. Kwa ghala au ukumbi kodi mashine ya kusaga sakafu ya kusukuma ukitembea nyuma yake, na grenda uibakize kwa pembeni na kwenye kona, ambako ndiko rangi huanzia kubanduka kwa sababu mafundi huchoka wakifika hapo.

Utajua umefika pale mng'ao wote unapokuwa umeondoka na chembe za mchanga zinaonekana kila mahali, na kiganja chako kikipita kinahisi msasa. Taasisi ya Kimarekani ya ukarabati wa zege, ICRI, imepanga ukali wa uso kwa namba kuanzia 1 hadi 10. Rangi nyembamba za kupaka kwa rola huwa kwenye 1 hadi 3, na kadiri rangi inavyokuwa nene ndivyo namba inavyopanda. Karatasi ya maelezo ya rangi yako itataja namba yake. Zidisha ukali bila sababu na utanunua rangi mara mbili, kwani mabonde yote yale yanajazwa na ndoo yako.

Wengi watakwambia uache kusaga, umwage tindikali. Ni rahisi, haina mashine, na inachemka kwa namna inayomfanya mtu aamini kazi inafanyika. Mimi siipendi. Haiondoi mafuta wala nta. Inapita juu yake. Inalowesha zege ulilolisubiri miezi likauke. Tindikali ya kloridi huacha kloridi, na kloridi ikizama huanza kula nondo. Na wapo wanaotumia maji ya betri kwa kuwa yanapatikana kila mtaa. Hayo ni tindikali ya salfa, na ikikutana na chokaa iliyo kwenye saruji hutengeneza jasi, unga mweupe usioyeyuka vizuri kwenye maji. Unakuwa umeondoa ngozi moja dhaifu na kuivalisha sakafu nyingine.

Kama huna namna nyingine, na sakafu ni ndogo na haina nondo karibu na uso, tumia tindikali ya kloridi iliyozimuliwa kama kopo lake linavyoelekeza. Mimina tindikali ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya tindikali. Lowesha sakafu kwanza. Vaa glavu ndefu za mpira, buti, miwani iliyofunga pande zote, fungua milango yote. Usiikutanishe na dawa za kusafishia zenye klorini, maana gesi inayotoka huua. Baada ya kuacha kuchemka, zimua kwa maji ya magadi, suuza mara tatu, kisha anza upya kuhesabu siku za kukauka na kubandika nailoni.

Vumbi

Vumbi la zege lisichanganywe na vumbi la barabarani. Mchanga una silika, na inaposagwa laini chembe zake huingia mapafuni zikakaa huko. Huleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba, na tangu 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka silika ya namna hiyo kwenye kundi la visababishi vya saratani. Kitambaa cha kufunga usoni hakizuii chembe hizo, wala barakoa nyepesi za hospitali. Nunua barakoa ya FFP2 au N95 kwa uchache, ikae usoni bila mwanya, na ununue ya saidia fundi pia. Yeye ndiye anayeinama na kufagia, na mara nyingi ndiye mdogo kuliko wote hapo. Kijana anayepumua vumbi lako leo hatakuja kukudai miaka kumi na mitano ijayo, kwa hiyo deni hilo lilipe sasa, dukani.

Kusaga kwa maji hupunguza vumbi sana, mradi mashine iwe imetengenezwa kwa hilo. Grenda ya kawaida na maji ni kifo cha umeme. Uji unaotoka uvutwe papo hapo. Ukiuacha ukauke juu ya sakafu unageuka ile ile ngozi uliyokuja kuiondoa.

Ufagio sasa umestaafu, maana hulisukuma vumbi ndani ya vijitundu. Tumia mashine ya kufyonza, chumba chote mara mbili, ya pili ukikata njia ya kwanza. Pitisha kitambaa cheusi. Kikitoka na weupe, rudia.

Nyufa, mashimo na maungio

Nyufa ni za aina mbili. Ufa uliolala, uliotokana na zege kukauka, unaupanua kwa diski ukawa kama mfereji wenye umbo la V, unautoa vumbi, unaujaza kwa epoksi nzito iliyochanganywa na mchanga safi mkavu, unausaga usawa. Ufa ulio hai unatembea, na ukiujaza kwa kitu kigumu utapasuka tena pembeni yake. Chora mistari miwili ya kalamu kuvuka ufa, pima umbali kati ya pande zake, rudi baada ya wiki kadhaa. Ukiwa umesogea, tafuta sababu kwenye msingi kabla ya kufikiria rangi.

Maungio yaliyoachwa makusudi ili zege lipate pa kunyooka, yaache. Paka mpaka ukingoni, kisha uyajaze kwa mpira wa maungio unaonyumbuka. Nimeona kumbi nzuri zilizoharibiwa kwa mtu kutaka sakafu isiyo na mstari.

Mashimo usiyajaze kwa saruji tupu siku mbili kabla ya kupaka. Ni zege changa, lenye maji, nawe unajua sasa litafanya nini.

Saa ya kupaka

Pwani, miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, kusi inapovuma na hewa ina nafuu. Hata hivyo nunua kipimajoto cha sakafu na kipima unyevu wa hewa. Ni vidogo na si ghali ukilinganisha na ndoo moja ya epoksi. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huweka umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 26 hivi. Sakafu inatakiwa iwe juu ya hapo kwa nyuzi tatu angalau, yaani 29 au zaidi, na sakafu ya chumba chenye kivuli asubuhi huwa chini ya hapo bila wewe kuuona umande wowote.

Asubuhi ina tatizo jingine. Zege linapopata joto, hewa iliyo kwenye vijitundu hutanuka na kutoka, na ikikuta rangi mbichi huacha mapovu na vitundu kama vya sindano. Paka joto la zege likiwa limeanza kushuka, alasiri, na uache muda wa kutosha kabla ubaridi wa usiku haujaleta umande.

Ila usipake chumba kizima. Chagua mahali unapopatilia shaka zaidi kuliko pote, pale palipokuwa na oili au karibu na ukuta wa bafu, upake mita moja ya mraba kwa praima na rangi ile ile, kwa vipimo vile vile vya hadina, ile dawa ya kuikaza rangi. Iache wiki moja. Kisha chukua kisu kikali, kata alama ya X mpaka ufike kwenye zege, bandika juu yake tepu imara, isugue kwa kidole gumba ishike barabara, uing'oe kwa mara moja. Ingiza ncha ya kisu kwenye mkato ujaribu kuinua rangi. Ikija kama ngozi, na unga wa kijivu upande wa chini, rudisha grenda. Ikikataa, na kipande unachofanikiwa kukibandua kikatoka na punje za mchanga na zege lenyewe limevunjika, changanya ndoo.